Mtoto wa Leipzig na Vilango vya Moyo

Mwaka 1856 daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Ludwig Meissner wa mji wa Leipzig, alitoa kitabu juu ya watoto viziwi na jinsi ya kuwafundisha. Ndani yake aliandika habari ya msichana mmoja kiziwi aliyeitwa mbele ya mkuu wa shule ili aonywe kwa kosa lake. Msichana akasimama mbele ya watu, akaanza kuonywa, na mara akaanguka chini, akafa. Hakupigwa wala hakuguswa. Wazazi wake walipoletewa habari hawakushangaa kama watu walivyotazamia, kwa maana walikuwa wamekwisha kuzika watoto wengine wawili kwa namna hiyo: mmoja alikufa baada ya kutishwa sana, na wa pili baada ya kushikwa na hasira kali.

Sisi tufundishao watoto hatuwezi kuisoma habari hii bila kutetemeka. Ni nani kati yetu ambaye hajapata kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumkemea? Lakini tusimame kidogo tuitazame vema, maana ndani yake mna swali kubwa. Masikio na moyo vina ujamaa gani, hata mtoto mmoja awe kiziwi na tena moyo wake usimame kwa hofu? Na kwa nini nyumba moja ipatwe mara tatu? Jibu la swali hili lilikawia zaidi ya miaka 140. Katika makala haya twataka kueleza lilivyopatikana, na ni nani walioleta vipande vyake.

Kabla ya kwenda mbele, tukiri ya kuwa kifo cha ghafula cha mtoto hakikukosa maelezo katika taifa lo lote. Wengine walisema ni laana ya ukoo. Wengine walitafuta mchawi. Wengine walimlaumu mama. Hata watu wenye elimu walisema tu ya kuwa mtoto alikuwa na kifafa. Maneno hayo yote yana kosa moja: yanafunga mlango wa kuuliza. Tena yanawafanya wenye msiba kunyamaza, kwa kuwa hakuna apendaye nyumba yake inyoshewe kidole.

Kipande cha kwanza cha jibu kilipatikana London, katika bakuli la maji ya chumvi. Daktari Sydney Ringer wa University College Hospital alikuwa akichukua moyo wa chura aliyekufa na kuutia katika maji ya chumvi, ili aone utapiga kwa muda gani. Mwaka 1882 aliandika ya kuwa moyo uliendelea kupiga vizuri. Baadaye akagundua ya kuwa maji yaliyotumiwa hayakuwa maji safi ya mvuke uliopozwa, bali ni maji ya bomba la mji, nayo yalikuwa na chokaa kidogo ndani yake. Alipotengeneza dawa ile kwa maji safi kabisa, moyo ulilegea ukaacha kupiga. Basi mwaka 1883 Ringer aliandika tena, akakiri wazi ya kuwa alikuwa amekosea, akaonyesha ya kuwa moyo hauwezi kupiga bila kalisi, ndicho kitu kilichomo ndani ya chokaa. Akaona pia ya kuwa yafaa kuwe na sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kulia, na potasiamu, ambayo hupatikana katika majivu ya kuni. Na kila kimoja lazima kiwe kwa kipimo chake. Potasiamu ikizidi, moyo hulegea ukasimama. Kalisi ikizidi, moyo hukazana usiweze kufunguka. Tazameni jinsi kosa lililokiriwa kwa moyo mweupe lilivyozaa maarifa makubwa kuliko jambo lililotafutwa.

Vitu hivyo vitatu vikiyeyuka ndani ya maji, chembe zake ndogo kabisa huchukua umeme. Wataalamu huziita ayoni. Basi palipo na ayoni zinazokwenda, pana umeme unaokwenda. Na kama moyo waendeshwa na ayoni, lazima kila pigo la moyo litoe umeme. Lakini umeme huo ni mdogo mno. Ni nani angeweza kuupima juu ya ngozi ya mtu aliye hai?

Aliyeweza kuupima vema alikuwa Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1860 huko Semarang, katika kisiwa cha Java, akawa mwalimu mkuu katika chuo cha Leiden. Alitundika uzi mwembamba sana uliopakwa fedha kati ya ncha za sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na kivuli chake kikapigwa picha. Mwaka 1903 alieleza mtambo wake kwa ukamilifu. Ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ukahitaji watu watano kuuendesha, na mgonjwa alikaa huku mikono na mguu vimetiwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Mawimbi yaliyoonekana Einthoven aliyapa majina ya herufi, P, Q, R, S na T, na hata leo madaktari huyaita hivyo. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wasomaji washike herufi mbili tu, Q na T. Katika Q vyumba vikubwa vya moyo huanza kuamka kwa umeme. Mwisho wa T vimekwisha kupumzika na kujiweka tayari kwa pigo lifuatalo. Katika mtu mzima wa afya aliyetulia, muda kati ya herufi hizo haufiki nusu ya sekunde. Lakini mtambo ule ulionyesha mawimbi tu, kama mtu aonaye moshi juu ya paa asijue nani apikaye ndani.

Mpishi aliyekuwamo ndani alionekana kwanza katika mnyama ambaye watu wa pwani humla, yaani ngisi. Ngisi ana uzi wa fahamu mnene kuliko wa wanyama wengi. Unene wake waweza kufika milimita 1. Mwaka 1939, huko Plymouth, Uingereza, Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza kijiti chembamba cha umeme ndani ya uzi huo, wakapima umeme wa ndani. Baada ya majuma machache vita vikaanza, kazi ikasimama. Walipoirudia baada ya vita walifanya majaribio mengi, na Huxley akafanya hesabu zake kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1952 wakatoa maelezo yao: kwanza sodiamu huingia ndani kwa haraka, kisha potasiamu hutoka nje, nayo hutokea kana kwamba kuna njia zinazofunguka na kufungwa kwa zamu. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel. Nao Denis Noble wa London, mwaka 1960, alizigeuza hesabu hizo zifae kwa moyo, akaonyesha ya kuwa pigo la moyo nalo laweza kuelezwa kwa njia hiyo.

Sasa twaweza kueleza pigo moja la moyo. Mwili wa moyo umejengwa kwa chembe hai nyingi sana, na katika ukuta wa kila chembe mna vilango. Kilango cha sodiamu hakipitishi potasiamu, wala cha potasiamu hakipitishi kalisi. Wakati wa kupumzika, ndani ya chembe mna potasiamu nyingi, na nje mna sodiamu nyingi. Amri ya kupiga ifikapo, vilango vya sodiamu hufunguka kwa ghafula, sodiamu ikaingia kama ng'ombe waonao zizi limefunguliwa, na mara vilango vikafungwa. Ndipo hufunguka vya kalisi, na kalisi iingiapo, nyama ya moyo hukazana na kusukuma damu. Mwisho hufunguka vya potasiamu. Potasiamu hutoka, umeme ukarudi mahali pake, chembe ikapumzika. Mambo hayo yote hutimia kwa muda wa kama theluthi ya sekunde, nayo hurudiwa karibu mara 100,000 kila siku.

Je, itakuwaje vilango vya potasiamu vikiwa vichache, au vikiwa vizito kufunguka? Chembe itakawia kupumzika. Muda kati ya Q na T utarefuka. Kwa siku nyingi mtu hataona neno. Lakini siku akikimbia sana, au akishtuka, moyo huharakishwa, na pigo jipya laweza kuja kabla chembe zote hazijawa tayari. Nyingine zimepumzika, nyingine bado. Umeme hukosa njia iliyonyoka, ukazunguka huku na huku, na moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Daktari François Dessertenne wa Paris aliueleza mtetemeko huo mwaka 1966, mawimbi yake yakionekana kama kamba inayosokotwa. Mtetemeko ukikoma wenyewe, mtu huzimia kidogo, akazinduka. Usipokoma, hufa.

Tumeeleza hivi kwa kuwa leo tunajua. Lakini mwaka 1957 hapakuwa na mtu aliyejua, wakati madaktari wawili wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walipoandika habari ya nyumba moja. Wazazi walikuwa na afya, nao walisikia vema. Walikuwa na watoto 6, na 4 kati yao walikuwa viziwi tangu kuzaliwa. Hao wanne walikuwa na desturi ya kuzimia. Na watatu wao walikufa ghafula, mmoja akiwa na miaka 4, mwingine 5, na mwingine 9. Madaktari walipotazama mawimbi ya mioyo ya watoto wale, waliona muda wa Q hata T umerefuka mno. Hapo ndipo msiba wa Leipzig ulipopata mwenzake. Madaktari waisomapo leo habari ya Meissner hudhani ya kuwa msichana yule alikuwa na ugonjwa huu huu.

Haikupita miaka mingi ikaonekana ya kuwa ugonjwa huwapata na wasio viziwi. Cesarino Romano wa Genoa, katika Italia, aliandika habari hiyo mwaka 1963, na Conor Ward wa Dublin, katika Ireland, mwaka 1964, kila mmoja kwa kazi yake mwenyewe. Kwa watu hao ugonjwa hutoka kwa mzazi mmoja, na kila mtoto wake huweza kuurithi au kuukosa, kama sarafu irushwayo juu. Lakini mwanzo wake ulikuwa bado umefichika.

Vilango vyenyewe navyo vilikuwa bado ni jambo la kufikiriwa kwa hesabu, wala hapakuwa na mtu aliyepata kupima kimoja peke yake. Mwaka 1976 Erwin Neher na Bert Sakmann, huko Göttingen katika Ujerumani, walichukua mrija wa kioo ambao tundu la ncha yake ni dogo mno lisionekane kwa macho, wakaugandamiza juu ya chembe ya nyama ya chura. Kipande kidogo tu cha ukuta kikabaki chini ya tundu, na ndani ya kipande hicho wakapima umeme wa kilango kimoja kikifunguka na kufungwa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Baadaye, mwaka 1998, Roderick MacKinnon wa New York alionyesha umbo la kilango cha potasiamu, naye akapata tuzo hiyo mwaka 2003.

Kipande cha mwisho kilitoka kwa watu wenye kutunza nasaba. Katika jimbo la Utah, huko Marekani, watu wengi huandika majina ya wazee wao kwa vizazi vingi. Daktari Mark Keating na wenzake walipata huko jamaa kubwa ambazo ugonjwa huu umepita kutoka kizazi hata kizazi. Walichukua damu ya wagonjwa na ya wazima, wakalinganisha urithi uliomo ndani yake, ule uitwao jeni. Mwaka 1991 walitambua sehemu ya urithi ambamo kosa limejificha. Mwaka 1995 wakatambua jeni mbili: moja ya kilango cha potasiamu, na moja ya kilango cha sodiamu ambacho hakifungwi sawasawa. Mwaka 1996 wakaipata jeni nyingine ya kilango cha potasiamu, ambayo leo huitwa KCNQ1.

Mwaka 1997 wataalamu waliwapima watoto viziwi wenye ugonjwa wa Jervell na Lange-Nielsen. Wakaona ya kuwa wamerithi KCNQ1 yenye kosa kwa baba na kwa mama pia, wala hawakuwa na nakala moja iliyo nzima. Na kwa nini wawe viziwi? Kwa sababu ndani kabisa ya sikio mna maji yenye potasiamu nyingi, na bila maji hayo sauti haiwezi kugeuzwa kuwa habari ya kupelekwa katika ubongo. Kilango kinachopitisha potasiamu hiyo ni kile kile cha moyo. Basi ndilo jibu la swali la Leipzig. Fundi ni mmoja, naye hufanya kazi katika nyumba mbili. Akiugua, nyumba zote mbili hukosa huduma. Wazazi wale hawakulaaniwa, wala msichana hakuuawa kwa neno la mtu tu. Lile neno lilimkuta mwenye moyo ambao kilango chake hakikufunguka.

Habari hii yatuhusu sisi pia, kwa maana ugonjwa huu wa kurithi hauko katika nchi moja tu. Katika Italia watoto wachanga zaidi ya 44,000 walipimwa, na ikakadiriwa ya kuwa mtoto 1 katika 2,000 hivi anao, ingawa walio viziwi pamoja nao ni wachache sana. Tena vilango vya potasiamu vyaweza kuzuiwa na dawa. Baadhi ya dawa za mzio, za vijidudu na hata za malaria zimeonekana kurefusha muda wa Q hata T. Halofantrini, dawa ya malaria, ilionyeshwa hivyo mwaka 1993. Tangu mwaka 2005 kuna kanuni za mataifa za kupima jambo hili katika dawa mpya. Neno letu si kwamba watu wakatae dawa, maana malaria huua wengi zaidi. Bali mtu anywe dawa kwa kipimo alichopewa, asichanganye dawa kwa shauri lake mwenyewe, na mwenye desturi ya kuzimia amwambie daktari kabla ya kupewa.

Tena ugonjwa huu una matibabu. Ziko dawa zinazozuia moyo usishtuliwe mno na hofu au mbio, nazo huwaokoa wengi. Wengine hupasuliwa, wakakatwa baadhi ya mishipa ya fahamu iendayo moyoni upande wa kushoto. Kazi hiyo ilielezwa mwaka 1971. Wengine hutiwa chini ya ngozi chombo kidogo ambacho huutambua mtetemeko na kuutuliza kwa umeme. Chombo cha kwanza cha namna hiyo alitiwa mtu huko Baltimore mwaka 1980. Lakini hakuna matibabu yanayoweza kumfikia mtoto ambaye habari zake zimefichwa.

Kwa hiyo wazazi na walimu washike alama hizi. Mtoto azimiaye katikati ya mbio au akiogelea, au azimiaye mara asikiapo kengele au kelele ya ghafula, au akikemewa, asiachwe tu kwa kuwa amezinduka. Mtoto aliyesemwa kuwa ana kifafa, na dawa za kifafa hazimsaidii, atazamwe moyo pia. Na kama katika nyumba yenu kijana mzima alipata kufa ghafula, au mtoto mwenye afya alizama majini ingawa alijua kuogelea, mwelezeni daktari, hata kama miaka mingi imepita. Kupima mawimbi ya moyo hakuna maumivu, na ni kazi ya dakika chache. Akionekana mmoja kuwa na ugonjwa, ndugu zake wote wapimwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Tukiitazama historia hii tangu mwanzo, twaona ya kuwa wataalamu wasingefika po pote kwa vioo na sumaku peke yake. Wazazi wa Leipzig waliwataja watoto wao waliokufa, na daktari akaandika. Wazazi wa Norway walisimulia. Watu wa Utah walifungua vitabu vya nasaba zao. Kila mmoja alitoa msiba wake hadharani, na misiba hiyo ilipowekwa pamoja ikawa maarifa yanayookoa watoto wa wengine. Kama wangeona haya, au kama jirani zao wangewatisha kwa maneno ya laana, swali la mwaka 1856 lingekuwa swali hata leo.

Basi kama kuna nyumba karibu nanyi iliyopatwa na msiba wa namna hii mara mbili au tatu, msiinyoshee kidole. Kaeni nao, wasikilizeni, kisha wasindikizeni hospitali pamoja na watoto waliobaki.